Spidomita ya kebo, giaboksi ya sensa: kisa cha Cressida ya 1983

Gari ni Toyota Cressida ya mwaka 1983, bodi ya X60, iliyong'olewa injini yake ya zamani na kuwekewa 1G-FE pamoja na giaboksi ya mkono ya kasi tano ya familia ya W. Injini na giaboksi vimetoka kwenye Mark II GX90. Difu (gia za ekseli ya nyuma), matairi na dashibodi vimebaki vya Cressida. Kazi ya kubadili injini ilifanywa vizuri na gari linakwenda, ila spidomita imekufa. Dashibodi ya Cressida inasubiri kebo inayozunguka, na giaboksi ya GX90 haina kebo. Ina sensa ya nyaya tatu inayotoa mapigo ya umeme.

Mwenye gari hakutaka kugusa dashibodi, kwa hiyo akanunua konvata: kisanduku chenye mota ndogo ndani yake. Kisanduku kinasoma mapigo ya sensa, kinapiga hesabu, kisha mota inazungusha kebo fupi inayoingia nyuma ya spidomita. Fundi wa kwanza alikifunga chini ya dashibodi, akaunganisha nyaya tatu (umeme, ethi, ishara ya sensa), na mshale haukuinuka hata kidogo. Baada ya kurekebishwa ukainuka, lakini yakajitokeza mengine mawili. Gari likiwa limesimama na injini ikikanyagwa, mshale ulirukaruka kati ya 10 na 20. Na barabarani ulisoma pungufu: simu yenye GPS ikionyesha 60, mshale ulikuwa 52 au 53. Upungufu wa namna hiyo ndio unaomfanya mtu asimamishwe na askari wa tochi kijijini huku akiapa kwamba alikuwa kwenye 50.

Je, konvata ilihitajika kweli?

Swali hili liulizwe kabla ya kutoa pesa, kwa sababu mara nyingi jibu ni hapana. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota za miaka hiyo, sensa hukaa kwenye tundu lilelile ambalo kebo ingekaa, na huzungushwa na gia ndogo ya plastiki ileile. Ukipata kwenye spea za mtumba kichwa cha kebo kinachoingia tundu hilo, unatoa sensa, unafunga kebo, na spidomita inafufuka bila kifaa chochote cha kielektroniki.

Kikwazo ni kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. 1G-FE inataka kujua mwendo wa gari. Isipopata ishara hiyo, taa ya injini huwaka baada ya muda, na ukiunganisha pini za TE1 na E1 kwenye tundu la uchunguzi, taa inahesabu nne kisha mbili: kodi (namba ya kosa) 42, sensa ya mwendo. Mzunguko wa injini pia huweza kushuka vibaya, au injini kuzima, unapoachia mafuta ukikaribia kusimama. Tundu kwenye giaboksi ni moja. Ukifunga kebo, kontrol boksi inabaki kipofu.

Njia ya kati ipo. Dashibodi nyingi za Toyota zenye kebo kwenye magari ya EFI (yanayopuliza mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta) zina swichi ndogo ya sumaku nyuma ya spidomita, inayotoa mapigo manne kwa kila mzunguko wa kebo. Ukipata spidomita yenye swichi hiyo na inaingia kwenye dashibodi yako, kebo inaendesha mshale na swichi inailisha kontrol boksi. Ni rahisi na haina cha kuharibika sana. Kwenye Cressida hii ilishindikana kwa sababu mbili: spidomita ya gari hili, lililokuwa la kabureta, haina swichi, na difu ya gari si ile ambayo gia ya plastiki ya giaboksi ilipangiwa, kwa hiyo kebo ya moja kwa moja ingesoma vibaya hata ingefungwa vizuri kiasi gani. Konvata inatatua yote mawili, kwa kuwa uwiano wake unawekwa kwa namba. Hapo ndipo bei yake inapokuwa na maana.

Kwa nini mshale haukuinuka

Sensa ya nyaya tatu ya aina hii haisukumi umeme kwenye waya wa ishara. Waya mmoja ni umeme wa 12V kutoka swichi, wa pili ni ethi, na wa tatu, wa ishara, sensa inaufunga kwenye ethi na kuuachia, mara nne kwa kila mzunguko wa gia. Kwenye GX90 dashibodi ndiyo iliyokuwa inapeleka volti kwenye waya huo. Dashibodi ya GX90 haipo tena, basi waya wa ishara unakaa 0V muda wote, sensa ifunge isifunge. Konvata haioni kitu.

Dawa ni rezista moja ya 4.7k (ohmu 4,700) kati ya waya wa ishara na volti inayokubaliwa na konvata. Kisanduku hiki kilikuwa na toleo la 5V kwa ajili ya sensa, kwa hiyo rezista ilisolidiwa kati ya 5V hiyo na ishara. Vingine vinataka 12V, na vingine tayari vina rezista ndani inayowashwa kwa swichi au kwa programu, kwa hiyo kijitabu kisomwe kwanza.

Kupima ni rahisi. Inua nyuma ya gari kwa stendi (jeki peke yake haitoshi), weka kigingi matairi ya mbele, gia iwe nyutro, swichi ON bila kuwasha injini. Multimita iwe kwenye DC, waya mweusi kwenye ethi, mwekundu kwenye ishara. Mtu mmoja azungushe tairi moja la nyuma kwa mkono, lingine likiwa limeshikwa. Namba iruke kati ya karibu 0 na karibu 5. Kwenye gari hili mizunguko 10 ya tairi moja inapaswa kutoa mapigo kama 23. Ukipata 23 na mshale umelala, sensa ni nzima na kosa liko kwenye konvata au kebo. Ukipata sifuri, rudi kwenye nyaya.

Usipime waya huu kwa globu ya kupimia. Globu inavuta umeme mwingi kuliko transista ya sensa inavyoweza kubeba. Inawaka mara moja vizuri, halafu sensa haifanyi kazi tena. Sensa ngapi zimetupwa kwa kuambiwa "zilikuwa mbovu" kumbe zimeuliwa na globu!

Kontrol boksi nayo inahitaji ishara hiyohiyo, na ina volti yake yenyewe kwenye pini ya SPD, inayopokea ishara ya mwendo. Ili volti mbili zisigombane, kati ya pini ya SPD na waya wa sensa iliwekwa dayodi ndogo ya 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea upande wa sensa. Sensa ikifunga, inazivuta pande zote mbili chini. Ikiachia, kila upande unarudi kwenye volti yake. Kodi 42 ilifutwa na haikurudi.

Mshale unaoruka gari likiwa limesimama

Hapa hakuna siri: konvata inahesabu kila pigo linaloingia, na haijui kama limetoka kwenye sensa au kwenye koili ya plagi. Waya wa ishara ulikuwa umefungwa kwa tepu pamoja na nyaya za injini, ukipita karibu na koili, na ethi ya kisanduku ilikuwa imechukuliwa kwenye skrubu ya dashibodi iliyofungwa juu ya rangi.

Kabla ya kubadili chochote, jua kelele inaingilia wapi. Injini ikiwaka na gari limesimama, chomoa waya wa ishara kwenye konvata. Mshale ukitulia, kelele inapita kwenye ishara. Ukiendelea kuruka, inapita kwenye umeme au ethi. Kwenye Cressida ulipungua bila kutulia kabisa, maana yake njia zote mbili.

Waya wa ishara ulibadilishwa ukawa waya wenye ngao, ngao ikafungwa kwenye ethi upande mmoja tu, ule wa konvata. Ukifunga ngao pande zote mbili, yenyewe inageuka njia ya umeme kati ya giaboksi na bodi, na kelele inarudi kwa mlango wa nyuma. Waya ulipitishwa ndani ya handaki la giaboksi kwenye sakafu ya gari, upande wa pili wa nyaya za koili, na palipolazimika kukatiza waya wa plagi, ulikatiza kwa pembe mraba. Ethi ilihamishiwa kwenye chuma cha bodi kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, kwa boliti ya 6 mm na washa ya meno. Umeme ulichukuliwa kwenye laini ya IG (inayopata umeme swichi ikiwa ON) yenye fyuzi yake ya 3A, si kwenye laini ya honi wala ya redio. Mshale ukalala.

Hesabu, na kosa linalojificha ndani ya spidomita

Konvata inataka namba mbili: mapigo mangapi yanaingia kwa kilomita, na kebo izunguke mara ngapi kwa kilomita. Ya pili ni rahisi kwa magari ya Kijapani, kwa sababu kiwango chao cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani) kwa spidomita za magari ni mizunguko 637 kwa dakika kwenye 60 km/h, yaani 637 kwa kilomita. Magari mengine hutofautiana. Spidomita za kampuni ya VDO huandikwa namba yenye W usoni, na Smiths za Uingereza huandika mizunguko kwa maili, mara nyingi chini kabisa ya sahani. Dakika moja ya kuangalia kioo itakuokolea siku nzima.

Ya kwanza inapigwa hivi. Kwenye GX90 sensa ilitoa mapigo 4 × 637, sawa na 2548 kwa kilomita, kwa difu ya 4.300 na matairi ya 195/65R15 yenye kipenyo cha 634.5 mm. Cressida ina difu ya 3.909, iliyothibitishwa kwa kuhesabu meno, 43 kwa 11, na matairi ya 185/70R14 yenye kipenyo cha 614.6 mm. Difu ndefu zaidi inapunguza mapigo. Tairi dogo zaidi linayaongeza:

2548 × (3.909 ÷ 4.300) × (634.5 ÷ 614.6) = 2391

Fundi wa kwanza aliacha 2548. Kwenye karatasi hilo linafanya mshale usome asilimia 6 pungufu, yaani 56 badala ya 60. Lakini mshale ulikuwa unasoma 52 au 53. Pengo lililobaki halikuwa la konvata.

Watu wengi hapa hushika simu, wanaendesha kwa 60 ya GPS, na kuchezea namba mpaka mshale ufike 60, kisha wanaita kazi imekwisha. Hiyo ni njia ya kuharibu odomita, kihesabu cha kilomita. Ndani ya spidomita ya kebo mna vitu viwili vinavyoendeshwa na mhimili mmoja kwa namna tofauti kabisa. Odomita inazungushwa kwa gia: mizunguko 637 ni kilomita moja, leo na baada ya miaka arobaini. Mshale hauna gia. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe cha alumini, inakivuta bila kukigusa, na springi nyembamba kama nywele inakizuia. Sumaku ikichoka, mshale unasoma pungufu. Grisi ikigandia kwenye beringi ya mhimili, kikombe kinaburutwa na mshale unasoma zaidi au unatikisika. Namba ya konvata iwekwe kwa odomita. Mshale ukikataa kulingana na odomita, kosa ni la spidomita, na litengenezwe kwenye spidomita.

Spidomita ya Cressida ilitolewa ikapimwa mezani. Kipande cha kebo chenye ncha ya mraba kilifungwa kwenye drili ya kasi inayorekebishwa, na takometa ya mwanga (kipima mizunguko) ikasoma karatasi ya kung'aa iliyobandikwa kwenye chaki ya drili. Kwenye 637 mshale ulisoma 56. Kwenye 318 ulisoma 28, kwenye 1274 ulisoma 112. Upungufu wa uwiano uleule kila mahali ni dalili ya sumaku iliyopungua nguvu. Kama ungepungua kilomita nne kila mahali, ingekuwa mshale umehama kwenye shina lake, kazi ya dakika tano. Odomita katika jaribio hilohilo ilitembea kilomita 1 kamili kwa mizunguko 637.

Sasa hesabu inakaa sawa: 56 kwa 60 za spidomita yenyewe, mara asilimia 94 za konvata, ni kama 52.5. Ndicho hasa alichokuwa anakiona dereva.

Sumaku huweza kuongezwa nguvu na mtu mwenye mashine ya kazi hiyo, ila ni wachache. Ilipatikana spidomita nyingine ya X60 kwenye mtumba, ikapimwa kwa drili kabla ya kulipiwa: 61 kwenye 637. Hiyo ni nzuri. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inataka spidomita isisome chini ya mwendo halisi hata kidogo, na isizidi mwendo halisi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi pamoja na 4 km/h. Kuzidi kidogo kunakubalika, kupungua hakukubaliki.

Tahadhari ya vipimo: konvata nyingi zimetengenezwa Marekani na zinataka namba za maili. Kwa gari hili 2391 inakuwa 3848, na 637 inakuwa 1025. Ukiweka moja kwa maili na nyingine kwa kilomita, mshale unasoma mara 1.6 ya ukweli au chini yake kwa kiasi hicho, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia unapoona 100 ukiwa nyuma ya trekta.

Kebo yenyewe

Mota ya konvata haina nguvu kama giaboksi. Kebo kavu ambayo giaboksi ingeisukuma bila kulalamika inaweza kuifanya mota ijikwae, hasa asubuhi ya baridi. Kebo ya Cressida ilikatwa ikabaki sentimita 50, na kisanduku kikafungwa nyuma ya droo ya dashibodi juu ya raba nne ili mlio wa mota usihamie kwenye bati. Pindo lolote lisiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 15. Mshale unaotikisika kwa mpigo sawasawa kati ya 20 na 40, kisha unatulia mwendo ukizidi, karibu kila mara ni pindo kali au uzi wa ndani uliokunjika.

Uzi wa ndani uwe na nafasi ya kusogea mbele na nyuma kama mm 2. Ukiwa mrefu, unausukuma mhimili wa spidomita ndani na kuula. Ukiwa mfupi, ncha ya mraba inateleza. Grisi ipakwe theluthi mbili za chini tu, kwa kipimo cha kufanya vidole vichafuke, si zaidi. Theluthi ya juu iachwe, maana grisi inapanda na uzi unaozunguka mpaka ndani ya kikombe cha alumini. Angalia pia upande wa kuzunguka kabla ya kufunga: zungusha mhimili kwa vidole, mshale uinuke. Konvata inaweza kugeuzwa upande kwa mpangilio, lakini uzi wa ndani umesokotwa kwa upande mmoja. Ukizungushwa kinyume unajifungua.

Nati za Marekani za 7/8 zenye nyuzi 18 kwa inchi hukaribiana mno na M22 × 1.5. Zinaingia mzunguko mmoja na nusu kisha zinakaza. Usilazimishe kwa koleo. Tafuta adapta au chongesha kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Barabarani

Namba ya 2391 iliwekwa, na gari likapimwa kwa nguzo za kilomita kwenye barabara ya Morogoro, kilomita 20 mfululizo kwa upepo wa tairi ulio sawa. Kilomita moja au mbili hazitoshi, kwa sababu odomita inasoma sehemu ya kumi tu. Ilisoma 20.4. Odomita ikizidi, mapigo halisi ni mengi kuliko yaliyoandikwa, kwa hiyo namba inapanda: 2391 × 20.4 ÷ 20 = 2439. Mzunguko wa pili ulisoma 20.0. Kwa GPS, 50 halisi ilikuwa 51 kwenye mshale, 80 ikawa 81 na nusu, 100 ikawa 102.

Limebaki jambo moja, na halina dawa ya maana. Gari likisimama ghafla, mshale unachelewa kulala kwa karibu sekunde moja. Kwenye 60 sensa inatoa mapigo kama 41 kwa sekunde, lakini kwenye 5 km/h ni matatu na kidogo tu, na konvata lazima isubiri ione kama pigo lingine linakuja kabla ya kuamua kwamba gari limesimama. Mipangilio ya kuharakisha ipo, ila ukiipandisha mno mshale unaanza kutetemeka kwenye foleni.

Namba 2439 imeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha fyuzi, pamoja na saizi ya tairi. Siku 185/70R14 zikikosekana dukani na zikafungwa 195/65R14, iwekwe 2461.